Mwaka Tulipoiimbia Mashini

Mwezi uliopita tulimzika Shefu Kabongo. Kilio kilikuwa mtaa wa Makomeno, hapa Lubumbashi, nyumbani kwa binti yake mkubwa, na mimi nilifika mapema kwa sababu sipendi kusimama. Nilikuwa natafuta kiti cha plastiki ambacho miguu yake yote ni mizima, nikikitikisa hiki na kile, mara sauti ya mwanamke ikatoka upande wa mikeka: "Mumuangalie ule papa, eko anachunguza kiti sawa vile alikuwa anachunguza mashini." Papa, yaani mzee, ndiye mimi; wanawake wakacheka kwa chini, jinsi watu wanavyocheka kwenye kilio. Alikuwa Mama Ngalula, ambaye sikuwa nimemwona tangu alipostaafu. Nikaenda kumsalimu. Alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akawageukia wenzake na kuwaambia kwamba mimi, na utulivu wangu huu wote, niliwahi kumfanya marehemu aimbe wimbo wa taifa mbele ya mashini, bila viatu. Wakataka waelezwe. Alieleza kwa namna yake, akiruka mambo ya lazima na kuongeza yasiyokuwepo, mpaka marehemu akawa amelia machozi, jambo ambalo si kweli. Nilirudi nyumbani nikaona ni afadhali niandike mwenyewe, kila kitu mahali pake.

Ilikuwa miaka ya themanini, kuelekea mwisho wake, wakati sisi sote tulipoitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia, tukivaa abakosti, koti la taifa lisilovaliwa na tai, na king'ora cha kiwanda kikituambia saa ya kuamka, ya kula na ya kwenda nyumbani. Nilikuwa kijana mtunza vifaa katika kituo ambacho kampuni ya shaba ilifundishia makarani wake. Vifaa vyangu vilikuwa mashine za kuandikia, riboni, chaki na projekta moja iliyokuwa ikitoa harufu ya nywele zinazoungua. Kisha ikaja mashini, kompyuta ya kwanza kituoni. Tuliiita hivyo tu, la mashini, kwa kuwa ilikuwa moja kwa kituo kizima na hakuna aliyeweza kuichanganya na nyingine. Ilikuja na kitabu kinene cha Kifaransa, na kwa kuwa hakuna aliyekitaka, nilikichukua nikakisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na ule wa kuwashukuru wachapaji. Shule ya mambo hayo haikuwepo mjini kwetu. Kulikuwa na kitabu, na mimi, na saa ya mapumziko.

Waliiweka katika chumba kilichokuwa stoo ya filamu, kwa sababu hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo, zulia la kijani, meza, na viti viwili. Vumbi jekundu la Lubumbashi wakati wa kiangazi huingia hata ndani ya yai, kwa hiyo amri ya kwanza ilikuwa kuvua viatu mlangoni. Amri hiyo ilileta faida ambayo hakuna aliyeifikiria: ukipita kwenye korido uliweza kujua nani yumo ndani. Viatu vyeusi vyenye ncha, Shefu Kabongo, mkuu wa kituo. Makubazi yaliyokanyagwa visigino, mtu wa usafi. Na mara nyingi, kwa muda mrefu kupita kiasi, viatu vya wakuu wa idara nyingine, waliokuja, kwa maneno yao, kuhakiki takwimu. Ukweli ni kwamba fundi mgeni aliyeileta mashini aliacha ndani yake mchezo mmoja: kamtu kadogo kanakimbia ndani ya mashimo, nyoka anakafukuza. Nimewaona wanaume wenye madaraka makubwa wakiinamisha mwili mzima kushoto ili kukasaidia kale kamtu kukata kona.

Mambo yaliharibika siku mmoja wao alipoutafuta mchezo mahali usipokuwepo na kufuta majina ya watu waliopangiwa likizo. Kwa kuwa hakuna aliyeweza tena kuthibitisha nani aende na nani abaki, karibu wote walienda. Shefu Kabongo alibaki kwenye korido tupu, kisha akaniita. Alikuwa mtu mpana, mpole, aliyeogopa barua kutoka juu kuliko ugonjwa.

"Mwamba, hii mashini imekuwa bar," akaniambia. "Kila muntu anaingia, anafanya yenye anapenda. Unifungie yote. Muntu akiingia, akute kuandika barua, kufanya hesabu, na kutosha karatasi. Basi."

"Na mchezo, Shefu?"

Akaangalia dari kidogo. "Mchezo, uuweke fasi yenye mi peke yangu naweza kuikuta."

Nilifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo hadi leo sijaipata katika kazi nyingine. Kitabu kilionyesha jinsi ya kuifanya mashini, mara tu inapowashwa, iende yenyewe kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa huo niliutengeneza wenye milango mitatu: barua, hesabu, na kutoa karatasi zilizochapwa. Ukibonyeza kingine chochote, hakuna kinachotokea. Vitufe ambavyo mtu mjanja angeweza kuvitumia kutoroka, nilivizuia ndani ya programu, na kwa kuwa sipendi kuamini programu peke yake, niling'oa na vifuniko vyake nikavifungia kwenye droo. Viatu vya wakuu vikapungua mlangoni. Mmoja wao alikaa mbele ya milango yangu mitatu asubuhi nzima, akatoka akasema mashini imekufa.

Aliyefurahi alikuwa Mama Ngalula. Alikuwa mpiga chapa wetu, mama wa Kikasai aliyekulia Lubumbashi, mwenye vidole vya haraka kuliko vya mtu yeyote niliyemjua, lakini juu ya mashine ya zamani ya chuma. Na amri ilikuwa imetoka makao makuu: mpiga chapa atakayeshindwa mtihani wa mashini mpya atahamishiwa Kolwezi, mji mwingine wa migodi, ambako zile za chuma bado zilikuwa zinatumika. Mume wake alifundisha shule mtaani Katuba, watoto walikuwa wadogo, na nyumba ya kampuni huko Kolwezi ingekuwa ya mtu mmoja. Hakulalamika sana. Mchana tulikula pamoja kwenye stoo yangu, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kutoka kwenye bakuli lake la bati, na alisema jambo moja tu: "Mi haiko naogopa Kolwezi, mudogo wangu. Niko naogopa bukari yenye papa yao atawapikia batoto." Kisha alinawa, akavua viatu, akaingia kufanya mazoezi. Barua aliziweza mara moja. Hesabu, ile mistari na safu za tarakimu, zilimtesa.

Hapo ndipo akaja Citoyen Kalenga. Kila kituo kilikuwa na mtu wa Chama tawala, na huyu alikuwa wetu: mwembamba, msafi, sauti yake kubwa kuliko kifua chake. Alisimama mlangoni mwa chumba bila kuvua viatu, kwa hiyo hakuingia, akazungumza nami kutoka pale.

"Citoyen Mwamba. Mukutano inaanzaka na nini?"

"Na slogan, Citoyen."

"Masomo?"

"Na slogan."

"Mupira ya batumishi siku ya posho?"

"Na slogan."

"Na hii mashini, inaanza na nini?"

Nikafikiri, nikajibu kwa usahihi. "Inaanza na kuhesabu kumbukumbu yake, Citoyen."

"Inajihesabu yee kwanza," akasema polepole, kama daktari aliyepata jina la ugonjwa.

Basi nikaandika programu nyingine, ya kutangulia milango. Picha ya Rais iliundwa kwa nyota, mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini: kwanza kofia, kisha miwani, kisha mabega, na mwisho slogan, kaulimbiu ya Chama, kwa herufi kubwa. Ilitaka kazi nyingi, na kusema kweli miwani ilitoka vizuri. Kalenga aliridhika, ila akasema ni makosa mtu kubonyeza tu kitufe na kuikata kama anayefukuza nzi. Picha irudie, na irudie, mpaka mtu mwenye ruhusa aandike neno la siri. Neno hilo atalichagua yeye. Nilimwonyesha mahali pa kuliandika, akaniambia nigeuke niangalie ukuta, nikageuka. Nilimwomba walau Shefu alijue. Akajibu kwamba neno la namna hiyo halizunguki kwenye mabilo, yaani maofisini. Kesho yake asubuhi alipanda ndege kwenda Kinshasa kwenye mkutano wa Chama.

Asubuhi hiyo hiyo Shefu aliiwasha mashini ili Mama Ngalula afanye mazoezi. Kofia ikashuka, miwani ikashuka, slogan ikatokea, yote yakapotea, kofia ikaanza tena. Shefu alitazama mara kadhaa kwa heshima. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Sasa?" Nikamweleza kuhusu neno. Akaniuliza kama siwezi kuifungua. Naweza, nikasema, ninayo disketi ya kuiamsha mashini kwa njia nyingine, na nikishaiamsha nitaitoa programu ile. Ila lazima kwanza niizime.

"Uizime," akasema Shefu. Mkono wangu ulipoanza kwenda kwenye swichi, akaushika. "Ngoja. Iko inaonyesha nini sasa?"

"Miwani, Shefu."

"Usizime kwenye miwani."

Vijana wanaosoma hili watacheka, na wacheke. Sisi tulimjua karani wa idara nyingine aliyeitwa kujieleza kwa sababu mke wake alifungia mikate ya kukaanga kwenye gazeti lenye picha ya Rais. Hayo yalikuwa mafuta tu kwenye paji la uso. Sisi tulitaka kumzima kabisa. Nilijaribu kutafuta ufa: kati ya mwisho wa slogan na mwanzo wa kofia, kioo kilikuwa kitupu kwa muda wa kupepesa jicho. Nilimwambia Shefu kwamba mtu mwenye mkono mwepesi angeweza kuzima hapo. "Na akichelewa?" akauliza. Akichelewa atakuwa amezima kwenye kofia. Shefu alifikiria kofia ile kwa muda, akaenda kukaa ofisini kwake. Baadaye alipiga simu ya redio Kinshasa. Kalenga alijibu kwamba hawezi kutaja neno hewani ambako kila mtu anasikia, atarudi alitaje mwenyewe.

Tukabaki tunangojea umeme ukatike. Leo, ninapoandika haya kwa mshumaa, naona ni ajabu kwamba kulikuwa na wakati Lubumbashi ambapo watu wazima waliomba umeme ukatike na haukukatika. Ulikuja mwingi, imara, bila hata kupepesa. Picha ikashuka mchana, ikashuka jioni, ikashuka tulipokuwa tumelala. Mtu wa usafi alikataa kufagia kwa sababu hakujua jinsi ya kufagia chumba bila kuigeuzia mgongo. Mama Ngalula aliingia kila mchana, akakaa mbele ya kioo, akafanya mazoezi ya vidole kwenye ukingo wa meza. Mkaguzi wa mtihani alikuwa ameshatangazwa. Nilimkuta mama siku moja amekaa hivyo, vidole vinatembea juu ya mbao, macho yanamfuata Rais kutoka kofia mpaka slogan.

Siku ya pili yake alinifuata, akanishika kiwiko, tukaenda wote kwa Shefu.

"Shefu," akasema, "bendera ya pale inje, inashukaka magaribi?"

"Inashukaka."

"Nani anaishusha?"

"Mulinzi."

"Na banamufunga?"

"Juu ya nini bamufunge, mama? Bantu banasimama, banaimba, inashuka na heshima."

"Basi na ya ndani ishuke na heshima."

Shefu Kabongo alimtazama, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unafunguka kama wa mtu aliyeambiwa kwamba barua haikuwa yake. Jioni, king'ora kilipolia, wote tuliobaki kituoni tulijipanga katika chumba kile. Viatu vilijaa mlangoni mpaka katikati ya korido. Tulikuwa tumebanana juu ya zulia la kijani, katika soksi, na ya Shefu ya kushoto ilikuwa imetoboka, kidole gumba kimetokeza mbele ya watumishi wake wote. Alisimama wima kuliko askari. Mama Ngalula akaanzisha wimbo, kwa sauti ya kwaya ya kanisa, ya pili, ambayo iliufanya uwe mzuri kuliko ulivyozoeleka. Beti zote. Picha ikashuka, ikapotea, ikashuka, nasi tukiimba. Kwenye neno la mwisho kabisa nilizima, na tone la kiyoyozi likaanguka ndani ya ndoo. "Vizuri," akasema Shefu. "Muende nyumbani." Mimi nilibaki na disketi yangu, na kabla ya giza kuingia milango mitatu ilikuwa imerudi, bila kofia.

Kalenga aliporudi kutoka Kinshasa alitaka kujua nani amezima. Shefu akajibu, "Haikuzimwa, Citoyen. Ilishushwa." Akamweleza yote: kujipanga, wimbo, beti. Kalenga alisikiliza akitafuta kosa, hakulipata, na nikaona wazi kwamba kilichomuuma ni kuwa hakualikwa. Mwishowe akaamua: mashini iamke vile inavyotaka, lakini kulala, italala kwa heshima, kila jioni, baada ya king'ora. Ili sauti zilingane, akaanzisha mazoezi ya wimbo mchana, ndani ya chumba kile kile, saa ile ile ambayo Mama Ngalula alikuwa akijifunza hesabu. Na kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyokuwa nzuri, yeye ndiye aliyewekwa kuuanzisha. Kwa hiyo mkaguzi alipofika, mama yule aliujua wimbo wa taifa kwa sauti zote nne, na safu za tarakimu hakuzijua hata kidogo.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, abakosti ya kijivu, uso wa mtu ambaye tumbo humsumbua. Alifika baada ya chakula cha mchana, akavua viatu bila kuuliza, na nikaambiwa nikae kwenye kona kuitunza mashini. Alimsomea barua. Mama Ngalula aliiandika kwa kasi iliyomfanya mkaguzi ainue macho mara mbili. Akamsomea nyingine, ngumu zaidi. Ikawa vile vile. Kisha akasema, "Sasa jedwali," akaweka mbele yake karatasi ya tarakimu za uzalishaji.

Mama Ngalula akaitazama karatasi. "Citoyen, ulitoka mbali. Nikuletee chai kwanza?"

Mkaguzi akasita, akakubali. Chai ilichukua muda, kwa sababu maji yalichemshwa kwenye stoo yangu na kuni za maneno: Mama Ngalula alinituma sukari, akanituma kijiko, akakataa kijiko. Aliporudi alimuuliza mkaguzi habari za tumbo lake, ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja, na mkaguzi akaeleza kwa kirefu. Alimshauri majani fulani. Kisha akakaa, akafungua mlango wa pili, na kuanza kuuliza: hii ni saba ao moja? Hapa ni nukta ao uchafu wa nzi? Safu inaanzia huku ao huku? Aliandika tarakimu moja, akaitazama, akaifuta. Safu ya kwanza ikatoka imepinda, ya pili ikaikalia ya kwanza. Nilijua anashindwa, naye alijua. Jasho lilimtoka ndani ya chumba kile cha baridi. Mkaguzi aliweka kikombe chini, akavuta kiti karibu na kioo, akafungua mdomo.

King'ora kikalia.

Mama Ngalula alisimama. Alikaza kitenge chake kiunoni, akaweka mikono pembeni, akainua kidevu, na akaanza kuimba. Mimi nikasimama. Mkaguzi alibaki na mdomo wazi, akaniangalia, akaangalia mashini, na mwili wake ukaelewa kabla ya kichwa chake, kwa sababu katika nchi yetu ya wakati ule hakuna mtu mzima aliyeweza kuendelea kukaa wimbo ule ukiimbwa. Alisimama, katika soksi, kikombe kikipinduka miguuni pake. Mlango ukafunguka, Shefu akaingia, na watumishi nyuma yake, na mwisho Kalenga, akiimba kwa sauti ya Chama tangu kwenye korido. Ikawa beti zote, na siku ile Mama Ngalula alirudia ubeti wa mwisho, polepole, jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi. Nilizima kwenye neno la mwisho. Jedwali likazimika pamoja na mashini.

"Vizuri," akasema mkaguzi. "Sasa tuiwashe tena, tumalize."

Kalenga alimgeukia. "Baada ya kushuka, Citoyen?"

"Dakika kidogo tu."

"Bendera inapandaka magaribi?"

Mkaguzi alimtazama mtu yule mwembamba, msafi, na beji yake kifuani, akasema hapana, haipandi. Watu wakatoka mmoja mmoja, wakachagua viatu vyao kwenye lundo. Mama Ngalula alibaki amesimama kando ya mashini iliyozimika, hakuniangalia. Mikono yake ilikuwa bado pembeni, imekunjwa ngumi.

Kwenye korido mkaguzi alikaa kwenye benchi kufunga kamba za viatu. Ndege yake ilikuwa ya kesho asubuhi. Alifunga kiatu kimoja, akapumzika, akaniashiria nisogee.

"Hii wimbo," akaniuliza kwa sauti ya chini, "ni kila siku?"

"Kila siku, Citoyen."

"Ni ule mama njo anaianzishaka?"

"Ni yeye."

Akafunga kiatu cha pili. Alifanya fundo, akalifungua, akalifanya tena, akifikiri.

"Abakie hapa," akasema. "Tukimutuma Kolwezi, ataianzisha na kule."